Namba Tisa wa Zamani Amekuja Kucheza Mtaani Kwetu

Jumapili, baada ya magharibi. Mvua ya asubuhi ilinyesha kidogo tu, ikaacha matope Manzese nzima na joto likabaki vilevile. Nimeoga, nimekaa kitandani na simu. Miguu inauma kwa kusimama, lakini kichwa hakijachoka. Kinawaza jambo moja tangu tulipotoka Chamazi.

Ngoja nianzie mwanzo, maana wengine mnaonisoma hamfuatilii mpira wala hamkai huku.

Mtaani kwetu kuna timu. Inacheza ligi ya mkoa, ile ambayo matokeo yake hayasomwi redioni. Straika wake kwa miaka mingi ni mdogo wangu Shabani, ambaye mchana anachomelea mageti kando ya Barabara ya Morogoro na jioni anaenda mazoezini akiwa bado ananuka chuma. Mie, dada yake, ni fundi cherehani. Jezi za timu zikichanika zinaletwa kwangu, kwa hiyo habari za timu nazipata kabla ya wengi.

Ndivyo nilivyojua kwamba Dastani Chilumba anakuja kwetu.

Kwa wasiomkumbuka, kuna kipindi huyu mtu alikuwa namba tisa wa timu ya taifa. Alichezea moja ya zile timu mbili kubwa za mjini, akaenda nje, akarudi. Kinyozi jirani yetu alikuwaga na picha yake ukutani, na vijana walikuwa wanaingia pale wanainyooshea kidole, wanasema "ninyoe kama huyu." Halafu akapotea. Hakufa, hakufungwa, aliacha tu kutajwa. Sasa anakaribia arobaini, na kocha wetu, Mwalimu Beka, anasema Chilumba ndiye aliyempigia simu kuomba kucheza.

Mtaa ukaanza kutafuta sababu. Wazee wa kahawa walisema amefilisika. Dada wa saluni akasema mke kamkimbia, anatafuta pa kupotezea mawazo. Jirani yangu akashikilia kwamba anautaka udiwani. Mie nilikuwa na sababu mpya kila asubuhi. Mtu aliyewahi kuimbwa na uwanja mzima anakuja kutafuta nini kwenye kiwanja chenye mteremko, ambacho goli moja halina wavu?

Nakiri ilinikaa kichwani kuliko mambo yangu mwenyewe.

Mara ya kwanza kumwona kwa karibu alikuja dukani kwangu na jezi mkononi. Kocha alimpa kubwa kuliko zote, na bado ilikuwa imemkwama tumboni. Nilitegemea mtu wa maringo. Akaja mtu wa kawaida, mvi chache kwenye ndevu, goti la kulia nene kuliko la kushoto, anasubiri zamu yake nyuma ya mama aliyeleta gauni la harusi.

"Fundi, niambie ukweli," alisema nilipomzungushia futi. "Itaingia?"

"Itaingia nikiongeza vipande pembeni."

"Ongeza." Kisha akauliza, "Namba tisa anavaa nani?"

Nilikuwa nimeshaagizwa na kocha nimwekee yeye tisa. Nikamjibu kwamba anavaa mdogo wangu.

"Basi mie nibandikie yoyote iliyobaki."

Ilibaki ishirini na sita. Nilimbandikia, akaikunja vizuri, akashukuru, akaondoka. Nilitaka sana kumuuliza kwa nini amekuja kwetu. Swali lilinifika mdomoni likarudi. Ningemuulizaje mtu mzima nimetoka kumpima tumbo?

Namba alikataa, lakini nafasi kocha hakumuuliza. Mechi ya kwanza Chilumba alianza mbele na Shabani akakaa benchi. Watu walikuja hadi kutoka Tandale na Sinza, wakapanda ukuta, wakainua simu zao kurekodi. Walichorekodi hakikupendeza. Akikimbizana na beki anaachwa. Akigongwa anachelewa kuinuka. Mechi ya pili ukuta ulibaki na watu wachache, na hao walikuja kucheka. Kijana mmoja alikuwa anapaza sauti kila Chilumba akigusa mpira, "Mzee, kakae, tutakuletea chai."

Chilumba hakuwahi kumjibu. Hakuwahi pia kuwafokea wenzake wala kurusha mikono kama mastaa wanavyofanya. Anakosa, anarudi katikati, anaendelea.

Tukafungwa, tukafungwa tena. Timu ikaanza kunusa kushuka daraja.

Shabani akaacha kwenda mazoezini. Hakugombana na mtu. Jioni zikifika anabaki kibandani anachomelea mageti ambayo hayana haraka. Nikimuuliza anasema kazi zimezidi. Wiki zile nilimchukia Chilumba, niandike ukweli. Ila hata chuki haikunizuia kwenda kumtazama. Nilikuwa nasimama pembeni ya kiwanja nikimchunguza kama kitambaa ambacho sijui kimetoka wapi.

Wiki mbili zilizopita Chilumba akaja nyumbani.

Mama yangu alikuwa uani anachambua mchele. Mama ni shabiki wa timu ya upande wa pili, ile iliyokuwa ikilizwa na Chilumba enzi zake, na mapenzi yake hayana utani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama alimtazama kutoka viatuni hadi usoni. "Wewe si ndiye uliyetufunga lile bao la dakika za mwisho?"

"Ndiye mie, mama."

"Siku ile sikupika. Hawa watoto walilala na chai."

"Naomba unisamehe, mama."

Mama akachambua kidogo, akatupa chuya, akasema, "Kaa basi. Leo nimepika."

Alikula kwanza. Nilimpenda kwa hilo, hakujidai ameshiba. Alipomaliza akaomba kuongea na Shabani, na Shabani akaja kutoka kibandani na miwani yake ya kuchomelea bado ipo kichwani. Mie nilikuwa naosha vyombo hatua chache tu, na sikujisumbua kujifanya sisikii.

"Mdogo wangu," Chilumba alimwambia, "kocha ananianzisha mie kwa sababu ya jina. Nimemwambia aniweke nyuma yako, hataki. Anasema watu wanakuja kuniona mie. Sasa watu wenyewe wameacha kuja."

Shabani aliivua ile miwani, akaanza kuifuta kwa shati.

"Ukibaki hapa, kocha atasema huna nidhamu na yeye yuko sahihi. Rudi. Tukiwa wawili mazoezini ataona mwenyewe nani anakimbia."

"Na wewe braza utakaa wapi?" Shabani aliuliza.

"Popote. Hata beki."

"Sasa kama popote ni sawa, ulikuja kufanya nini kwetu?"

Nikafunga bomba. Mdogo wangu alikuwa ameuliza swali langu, tena kwa ukali ambao mie nisingeuthubutu.

Chilumba hakukasirika. Alilikanda goti lake muda mrefu kidogo. Kisha akaeleza kwamba mwaka wake wa mwisho kwenye timu kubwa aliumia goti mazoezini, siku ya kawaida tu, hakuna mtu jukwaani. Akaambiwa atapona, asubiri. Akasubiri. Msimu ukaisha, wakasajili mwingine, na hakuna aliyemwambia kitu. Simu zikapungua. Siku moja aliona kwenye taarifa ya michezo wanamwita mchezaji wa zamani, ndipo akajua.

"Mechi yangu ya mwisho sikujua kama ni ya mwisho," alisema. "Siikumbuki vizuri hata tulicheza na nani. Ningejua, ningeitazama. Hilo ndilo linaloniuma. Goti linauma kidogo tu." Akamwangalia Shabani. "Nataka kuacha mwenyewe. Siku ya kuacha niijue. Sikuona timu nyingine ya kunipa nafasi hiyo."

Mama aliyekuwa anajifanya anapepeta mchele aliuweka ungo chini.

Shabani alirudi mazoezini. Na kocha kweli akaona. Jumapili iliyofuata walianza wote wawili, Shabani mbele na Chilumba nyuma yake pale katikati, akitembea kuliko kukimbia, akitoa pasi. Tukashinda. Nilianza kuelewa kitu ambacho ukuta wa watu wenye simu haukukiona. Huyu mtu mwili umemkataa, lakini macho yake bado yanafika mahali kabla ya wengine.

Leo ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi. Chamazi, ugenini, na hesabu ilikuwa rahisi: tukishinda tunabaki, tukitoka sare tunashuka. Tulikodi basi dogo, Kosta, mama akapanda naye, eti anakwenda kumsindikiza Shabani. Kiwanja chenyewe ni cha mchanga, na ukisimama upande wa goli la kusini unaziona taa ndefu za ule uwanja mkubwa wa Chamazi. Chilumba alishawahi kucheza chini ya zile taa. Nilimtazama kama ataziangalia. Alikuwa anafunga kamba za njumu, ana tabasamu la mtu anayesubiri kuletewa chakula.

Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Cha pili, wao wakapata kona na bao. Mama akafunika uso na mtandio.

Halafu zikiwa zimebaki dakika chache ikaja krosi kutoka kulia. Naiona hadi sasa. Chilumba alikuwa peke yake mbele ya goli, mpira unamjia palepale kifuani, mahali ambapo miaka hiyo angeulaza nyavuni huku anacheka. Nilisikia mtu nyuma yangu anasema "Chilumba huyo." Shabani akatokea nyuma yake kwa kasi, akajirusha mbele yake, akapiga kichwa. Bao.

Walianguka wote wawili mchangani. Nilidhani watagombana. Chilumba alikuwa amemkumbatia Shabani shingoni, hataki kumwachia.

Ikawa moja moja. Tulihitaji lingine na hatukulipata. Refa alipopuliza filimbi, timu yetu ilikuwa imeshuka daraja. Shabani alikaa chini na jezi usoni. Kocha alikwenda kusimama peke yake kwenye kibendera cha kona, mgongo kwetu.

Nilinunua barafu za ubuyu kwa mwanamke aliyekuwa anauza pembeni, nikampelekea Chilumba aweke gotini. Alikuwa amekaa mchangani, njumu zimeshavuliwa. Akaziweka mbili gotini na ya tatu akaanza kuinyonya.

Nikamuuliza, maana safari hii swali halikurudi. "Ndiyo leo, kaka?"

"Ndiyo leo, fundi."

"Umejuaje? Kwa sababu tumeshuka?"

Alitikisa kichwa. "Ule mpira ulikuwa wangu. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Tangu nikiwa mdogo, mtu akinichukulia mpira kama ule, hata tukishinda, silali. Nilishawahi kutosemeshana na rafiki yangu msimu mzima kwa bao alilofunga ambalo lilikuwa langu." Alimtazama Shabani kule alikokaa. "Leo ameuchukua, nikafurahi. Nimelala pale chini nikajitafuta kama kuna wivu, sijauona. Nikasema basi, straika ameisha. Na ameisha vizuri."

Nikakaa naye mchangani mpaka barafu ikayeyuka na kumwachia goti jekundu la ubuyu.

Kabla ya Kosta kuondoka alikwenda kwa kocha kule kwenye kona, wakaongea, wakapeana mikono. Akaenda kwa Shabani, akamwinua. Halafu akarudi kiwanjani peku, wakati wachezaji wa Chamazi wanang'oa vibendera, akasimama katikati akageuka taratibu, akaangalia kila upande. Goli, ukuta, watu wachache waliobaki, mama yangu kwenye dirisha la Kosta. Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyejua anachofanya. Mie nilijua. Nilijizuia nisitoe simu.

Njiani Shabani alilala begani kwa mama. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini yule mtoto wa watu alisimama vile kiwanjani. Nikamweleza. Tulipofika Mbagala akasema, "Angeniambia, ningeshuka kumpigia vigelegele."

Sasa nipo hapa na ninajaribu kukumbuka kitu. Nilikuwaga mchezaji wa netiboli, mlinda goli, hadi nikachaguliwa timu ya mkoa. Niliacha nilipoolewa, au ilikuwa nilipopata mimba ya kwanza? Nimekaa nusu saa nzima natafuta mechi yangu ya mwisho. Nakumbuka sketi, nakumbuka rafiki zangu, lakini ile mechi yenyewe haipo.

Kuna kina mama wanacheza Jumamosi jioni kwenye kiwanja cha shule kule Tandale. Nawaonaga nikitoka kununua vitambaa, wanene kama mie, wanacheka sana, wanapumzika mara kwa mara. Siku zote napita upande wa pili wa barabara.

Hivi wanapokea mtu wa umri wangu, au timu yao imeshajaa? Jumamosi nitavuka barabara niwaulize.