Udongo Uliokandwa Msimbu

Msimbu, Kisarawe, 14 Agosti 1952. Huu ni mwezi wa nne tangu niondoke Songea.

Dada Zaituni, shikamoo. Mimi mzima, ila matope yamenichosha. Mzungu wetu anapima udongo wa mabonde ya vijito, karibu na pale wanapotaka kufungua mgodi wa kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kaure. Udongo wa kila kijito tunauanika kwenye jamvi lake, usichanganyike. Jana kazi ilikuwa imekwisha, nimeshafunga mzigo. Tukaenda kuoga, na kurudi tunamkuta bibi mmoja mfinyanzi ameukanda wote donge moja, jasho linamtoka.

"Nimewaonea huruma, wajukuu zangu," akasema. "Wanaume wazima mnafinyanga vyungu! Wake zenu wako wapi?"

Wangu hata sijamwoa, Dada, na sasa Mzungu anataka tuchimbe upya mabonde yote! Bibi mwenyewe katuletea kisamvu cha nazi, tukashindwa hata kumnunia.

Nisalimie watoto. Halafu nenda kwa baba yake Sharifa, umsihi asimwoze mtu mwingine. Mwambie nitafika mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hata kama sijanawa miguu.

Nduguyo, Saidi