Beseni la Njau

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo Kidogo cha Polisi cha Mikaratusi, Ruiru
Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi

Jina: Rachael Syokau Mbaluka
Umri: miaka 71
Kazi: mfugaji wa kuku na bata
Makazi: Gatuanyaga, mashariki ya Thika

Kabla sijasema lolote, ondoeni hilo beseni. Ni nani kati yenu aliona ni akili kuwawekea vifaranga beseni la maji ndani ya katoni ya vielelezo? Mna kofia, mna bunduki, na hamjui kwamba kifaranga wa kuku haogelei. Tisa wamekufa kwa beseni kama hilo, na hiyo ndiyo kesi iliyonileta hapa. Wawekeeni kopo. Na wewe Konstebo Kagwe, andika nilivyosema, usiniandikie vizuri kuliko nilivyosema.

Sasa naweza kuanza.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu. Lakini kufuga nimefuga miaka arobaini, na ukiuliza Gatuanyaga ni nani anaweza kulea vifaranga wa kuku na wa bata nyumba moja bila kuzika nusu, utaletwa mlangoni kwangu. Kwetu ni kukavu, vumbi linaingia mpaka kwa chai, na watu husema bata ni wa watu wa mtoni. Bata wangu hawajawahi kuuona mto.

Mnamo mwezi wa Novemba mwaka jana wanawake tisa wa kanisa letu waliniomba niwafundishe, maana wote walikuwa hawajawahi kufuga. Wa kumi alikuwa mwanamume, Njau, miaka thelathini na nane, anakaa Mugutha. Huyo aliletwa na mama yake, Gathoni, mmoja wa wale tisa, rafiki yangu tangu mwaka wa 1988. Gathoni aliniambia kijana ameachishwa kazi, amejaribu vifaranga mara mbili na wote wamekufa, nimshike mkono. Nilikubali. Njau huniita Tata, ndivyo kwa lugha ya kwao humwita dada ya mama. Iandike hiyo. Ananiita Tata.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya Jumatatu, niliweka mayai ya bata chini ya kuku wanne waliokuwa wanaatamia. Jumatatu iliyofuata, tarehe 27, nikaongeza mayai ya kuku. Naeleza hivi kwa sababu huenda hakimu hajafuga. Yai la bata hulaliwa siku ishirini na nane, la kuku ishirini na moja. Ukiyaweka siku moja, kuku ataangua watoto wake na kuondoka, bata wafie ndani ya ganda. Mayai hayakuwa yangu. Kila mwanamke alileta yake kwa kitambaa, na tulikubaliana tarehe 23 Machi, baada ya ibada, kila mmoja achukue fungu lake akaanzie kwake. Wengine wameshajenga vibanda. Kui, mmoja wa wale tisa, aling'oa mlango wa choo cha zamani ili apate mbao, na bwanake bado ananung'unika.

Tarehe 17 Februari vifaranga walitoka. Niliwapa wote mama mmoja, kuku wangu mweusi kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, na usiku nikawawekea jiko la makaa, dirisha likiwa wazi. Kishingo hakuuliza nani ana mdomo bapa. Aliwafunika wote.

Kila Jumanne wanafunzi walikuja. Niliwafundisha wabadilishe maranda kila siku, maana bata hucheza na maji, hulowesha kila mahali, na huo unyevu ndio unaowaletea kuku kuhara damu. Niliwafundisha kwamba mtoto wa bata akila chakula cha kuku peke yake miguu inapinda, lazima umwongezee kitu. Mimi huwachanganyia machicha ya pombe kidogo. Machicha niliyatoa wapi si kesi ya leo, na uache kucheka.

Siku ya somo la maji ilikuwa tarehe 25 Februari. Niliwaonyesha kopo lenye matundu, limekaa juu ya wavu. Bata anaingiza mdomo mpaka puani, lakini hakuna anayeingiza mwili. Siku hiyo Njau alipigiwa simu, akatoka nje, hakurudi. Jumanne iliyofuata, tarehe 4 Machi, alichelewa, akanikuta nimewatoa bata peke yao waoge kwa beseni juani. Kuku nilikuwa nimewafungia ndani. Njau aliona beseni, hakuuliza kuku wako wapi. Ndivyo alivyo. Huona nusu, hiyo nyingine anajaza mwenyewe.

Jumamosi tarehe 8 Machi, saa kumi na mbili jioni, niliwahesabu. Bata walikuwa kumi na wawili, kuku ishirini na sita. Bata mmoja alikuwa ameanza kupinda mguu. Nilimnyoosha, nikamfunga kwa uzi mwekundu niliouvuta kutoka sweta ya marehemu mume wangu. Sikumwambia mtu. Ni aibu mwalimu kuwa na bata kiwete.

Jumapili tarehe 9 Machi nilitoka nyumbani saa mbili na nusu asubuhi kwenda kanisani. Nilirudi saa saba na robo. Kufuli lilikuwa limekatwa. Vifaranga wote hawakuwepo, na mama yao hakuwepo. Lakini kuku watatu wanaotaga walikuwepo, na jogoo mkubwa kama mbwa alikuwa amesimama pale pale ananitazama. Nikajiambia, mwizi wa kuku huanza na jogoo. Huyu ameacha nyama akabeba watoto, tena akachukua na mama yao ili wasipate baridi. Huyu nimemfundisha mimi.

Wanawake wote tisa nilikuwa nao kanisani tangu wimbo wa kwanza. Njau aliingia sadaka ikiwa imeshatolewa, akakaa nyuma karibu na mlango. Lakini mtu hafungwi kwa kuchelewa kanisani. Nikangoja.

Jumatano tarehe 12 Machi, saa kumi jioni, tulikutana kwa Kui. Nilieleza nimeibiwa. Hakuna aliyeniambia pole. Mmoja alisema Pasaka inakaribia na bata wana soko Thika. Mwingine akaniambia taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, niseme tu kama niliuza, wao si wabaya. Njau alikuwa amemleta mama yake kwa gari. Akaomba atuombee. Alipiga magoti kwa zulia la Kui, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu.

Alisema: "Baba, msamehe mama yetu Syokau, uzee umemletea tamaa. Wewe unayemwona shomoro akianguka, wewe umewaona wale viumbe, hata yule kiwete mwenye uzi mwekundu mguuni."

Hapo nilifungua macho. Wengine wote walikuwa wamefumba. Niliangalia ule mkono ukiwa bado kwa kichwa changu. Wanawake tisa wakaitikia Amina, na Gathoni aliitikia kwa sauti kuliko wote. Baadaye Kui alinipa chai kwa kikombe cha wageni. Miaka yote pale huwa nakunywa kwa kile cha bati, cha nyumbani. Niliinywa yote ili wasiseme nimekasirika.

Alhamisi tarehe 13 nilienda kuripoti. Afisa mmoja, si wewe, aliniambia, "Shosho, vifaranga ni mambo ya chifu, ama urudi na ushahidi." Nikamwambia asubiri nimletee.

Ijumaa tarehe 14 Machi nilibebwa na Mulei, mwenye pikipiki wa kwetu, mpaka Mugutha. Tulifika saa tatu na dakika arobaini. Kwa geti la Njau palikuwa na karatasi imebandikwa. Nilisoma herufi moja moja, Mulei akanisaidia maneno marefu. Ilisema: MAFUNZO YA KUFUGA KUKU NA BATA PAMOJA KWA WANAOANZA. JUMAMOSI SAA NANE. NJOO UONE KWA MACHO YAKO. MWALIMU NJAU.

Ndiyo sababu aliwataka hai. Alihitaji watoto wangu wa kuonyesha watu, na jina langu la mwalimu, mimi nibaki na jina la mwizi.

Nilisimama hapo nje nikaita jinsi ninavyowaita wakati wa chakula, kuru kuru kuru. Nyuma ya ukuta bata waliitika wote pamoja. Mulei alivua kofia yake ya pikipiki asikie vizuri. Njau akafungua geti.

"Tata," akasema, "umefuata nini huku?"

"Nimekuja darasani," nikamjibu. "Hata mimi ndiyo naanza."

Nilimpita nikaingia. Uani kulikuwa na beseni la buluu la kufulia, limejaa maji mpaka ukingoni, bata wakiogelea. Juu ya ukuta mfupi, juani, vifaranga tisa wa kuku walikuwa wamelazwa kwa mstari. Alikuwa amewaanika ati wakauke wapone. Walikuwa wamekauka. Wale kumi na saba waliobaki walikuwa wamebanana pembeni, manyoya yamelowa, wanatetemeka mchana wa jua.

Nilimuuliza ni nani aliwatia majini. Alisema: "Si wamekua pamoja, Tata? Nilidhani wamejifunza kwa bata."

Mzee mzima. Mtu aliyesoma mpaka chuo. Alidhani kuku hufundishwa kuogelea na jirani.

Nikamuuliza mama yao yuko wapi. Mulei akanionyesha ndoo ya takataka kando ya jikoni. Manyoya meusi yalikuwa humo. Njau alisema kuku huyo alikuwa anamdonoa kila akiwakaribia watoto, kwa hivyo Jumatatu alimchinja. Kuku aliyefanya kazi yake vizuri, akaliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Nilikaa chini. Sikulia. Andika kwamba sikulia. Vifaranga walikuja, kuku kwa bata, wakaingia chini ya leso niliyojifunga, na yule mwenye uzi mwekundu akalala juu ya kiatu changu. Njau alianza kusema ni shetani. Nikamwambia asimsingizie shetani, shetani hajui tarehe ya somo langu la maji. Mulei alipiga simu polisi. Wewe mwenyewe Konstebo Kagwe ulifika saa tano na nusu, ukamkamata Njau, ukachukua walio hai ishirini na tisa, wale tisa wafu kwa gazeti, beseni, ndoo, na ile karatasi ya geti.

Leo nilipofika hapa nimemkuta Gathoni. Amekaa kwa benchi hapo nje tangu alfajiri, mnaweza kumwona kwa dirisha. Ameleta mayai kwa kitambaa kile kile cha Januari, anataka niweke tena, tuanze upya, kesi iishie hapa. Amenishika mkono. Ameniambia, "Syokau, tumezeeka pamoja. Usinifungie mtoto."

Huyo mwanamke alilala kwangu siku saba mume wangu alipokufa. Alinichotea maji. Sijasahau hata ndoo moja. Nimemjibu, "Juzi uliitikia Amina bila kuniangalia. Leo niangalie." Hakuweza. Mayai sijayapokea. Namhurumia Gathoni, lakini huruma yangu yote nimempa yeye, ya mtoto wake haijabaki.

Wazee wawili wa kanisa walinipigia simu jana jioni kusema Mkristo husamehe. Niliwauliza siku ile nilipoombewa tamaa ya uzee walikuwa wapi na huo msamaha. Simu ikakatika.

Sijatishwa, sijalipwa, na sijaongeza neno. Nimesema niliyoyaona kwa macho haya na kuyashika kwa mikono hii, na nikiitwa kortini nitasema hivi hivi.

Sahihi ya shahidi: Rachael Syokau Mbaluka

Maelezo ya afisa:
Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo P. Kagwe, kwa Kiswahili. Nimemsomea shahidi mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza aliona nimeruka mahali pa kikombe. Amekubali ni sahihi. Nilimpa wino wa dole gumba. Ameukataa na kutia sahihi kwa mkono wake. Beseni limeondolewa na kopo limewekwa. Vielelezo hai bado ni ishirini na tisa. Shahidi ameniamuru niongeze maneno yafuatayo. Nimemweleza kwamba polisi hawana mamlaka hayo. Amesema niandike, mamlaka nitayatafuta baadaye:

"Kesho Jumapili, saa nne asubuhi, mleteni Njau kanisani kwetu Gatuanyaga, na mje na katoni ya ndege. Asimame mbele, asipige magoti, magoti alishapiga. Wanawake wote tisa wafungue macho. Arudie ile sala yake neno kwa neno, na palipokuwa na jina langu aweke lake. Gathoni ndiye aitikie. Akimaliza, mrudisheni seli mpaka Jumatatu. Na njiani msitenganishe kuku na bata, watapata baridi."