Muwa Husema Kweli Kichwani

2 Juni

Mwanangu mpimaji,

Hujambo huko kiwandani? Sisi wazima. Kaka yako kanuna, lakini huo si ugonjwa, ndiyo sura yake.

Miwa imeiva. Unajua mwaka jana sukari guru yetu iligoma kuganda, tukabaki na uji. Sasa kaka yako ameapa, ikigoma tena anang'oa miwa yote apande mikaratusi. Mwache aape. Mimi nimepika sukari tangu hajazaliwa, mpaka nyuki walikuwa wananiamkia. Wakataji wanakuja tarehe ishirini. Nakutumia vipande viwili, cha shina na cha kichwa, ili hiyo mashine yenu ya maabara ijifunze kitu.

Baba yako, simba wa sufuria

9 Juni

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Vipande vimefika. Shina ni tamu mno, kichwa ni maji matupu. Ukikata sasa unapika uji tena. Ngoja wiki tano.

Lakini baba, si wewe uliyenifundisha kwamba shina la muwa hujipendekeza kwa kila mtu, ukweli uutafune karibu na majani? Safari hii ulitafuna wapi?

Binti yako

14 Juni

Binti yangu mdadisi,

Salamu nimezipata, na mgongo wangu unakusalimu.

Sikutafuna. Meno yamebaki mawili, nayo yamenuniana. Tangu mwaka juzi natwanga muwa kwenye kinu nakunywa maji yake, na huwa nachukua shina kwa kuwa lina maji mengi. Ule uji wa mwaka jana niliupika mimi, nikasingizia kuni. Kaka yako hajui.

Wakataji nimewaahirisha. Nimewaambia nimeota ndoto. Mzee akishaota, nani atambishia?

Baba yako

28 Julai

Mwanangu,

U mzima? Huku tuna afya ya kugawia jirani.

Sukari imeganda. Kaka yako alijaribu kuvunja tofali moja la sukari hiyo kwa goti, sasa anachechemea, na mikaratusi haitaji tena. Nikamwambia yote, ya meno na ya kuni. Alicheka mpaka akasahau kununa.

Mwakani njoo kabla ya wakataji, utafune kichwa cha muwa mbele ya watu. Useme wewe ndipo panga liguse shamba. Mimi nimebaki na kazi ya kujisifu, hiyo haihitaji meno.

Baba wa mwonjaji