Nyumba Isiyo na Vitasa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini kikohozi cha wifi kimekwisha, na kitinda mimba wenu ameacha ile tabia ya kulala na viatu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza, ila tafuta pa kukaa kwanza.

Ile fomu ya nyumba ya kulelea wazee niliyokutumia, usiitie sahihi. Kama umeshaitia, ichane. Najua nilikuandikia kurasa tatu nzima kukueleza kwa nini mama hawezi kubaki hapa: kwamba anapotea ndani ya nyumba, kwamba amejikojolea mbele ya wageni, na kwamba kutwa anazungumzia kifungo ambacho hakipo. Najua pia kwamba ulilia. Sasa nisikilize, maana barua ile niliiandika nikiwa na akili zangu timamu, na hilo ndilo linalonichefua.

Nianze na nyumba, kwa kuwa wewe umeiona kwenye picha tu. Mtaa wetu ni wa nyumba za kawaida, zenye vibaraza na kamba za kuanikia nguo, na katikati yake shemeji yako amesimamisha boksi jeupe. Wasanifu majengo wenzake wanatoka mbali kuja kulitazama. Majirani wanaliita Jokofu. Shemeji yako alipolisikia jina hilo alinuna siku mbili. Mimi nilikwenda kucheka bafuni. Mapazia ni marufuku, kwa hiyo wapita njia wananiona nikichokonoa meno. Kiti ukikisogeza, kinarudishwa. Mezani kuna machungwa saba ya kutazamwa, na siku nilipokula moja tulinuniana mpaka kesho yake.

Lakini balaa lenyewe liko kwenye korido. Ukuta wake wote ni mbao nyeupe zilizopangwa sawasawa, ishirini na mbili kwa hesabu, na tano kati yake ni milango. Vitasa hakuna. Shemeji yako anasema kitasa kinauharibu ukuta. Unasukuma ubao, sumaku inaachia, mlango unafunguka. Ukikosea ubao, unasukuma ukuta kama mwendawazimu. Mimi mwenyewe miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naingia stoo ya mafagio nikidhani naingia jikoni, na hakuna aliyeniandikia fomu.

Mama alipohamia kwetu kwa ajili ya goti lake, alihangaika wiki mbili. Kisha akaacha kuhangaika kabisa. Akawa anakwenda chooni na kurudi bila kumuuliza mtu. Hilo sikukuandikia.

Halafu wakaja majaji wa tuzo ya wasanifu, Jumamosi asubuhi, wanne pamoja na mpiga picha. Shemeji yako alimwomba mama abaki chumbani mpaka waondoke. Mama hakubisha, alivaa gauni lake zuri akakaa kitandani. Majaji wakakaa saa mbili na nusu. Mtu mzima wa umri ule, na chai yake ya asubuhi, ungetaka afanye nini? Akatoka. Nikamwona anapapasa ukuta, anasukuma ubao mmoja baada ya mwingine, akafungua stoo, akaifunga, akawaomba wageni radhi, akafika mwisho wa korido akageuka. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, nimeshika sinia la glasi. Sikwenda. Hapo ndipo maji yakamshuka kwenye sakafu yetu ya zege inayong'aa.

Jaji mmoja aliruka pembeni kuokoa viatu vyake. Kisha, naapa kwa Mungu, akainama akasema sakafu ile ni ya ajabu, haijanyonya hata tone. Shemeji yako akamshukuru! Nami, ili nisife kwa aibu, nikawaambia wageni kwamba akili za mama yangu zimeanza kumtoka. Wote wakanipa pole, mimi, si mama, aliyekuwa ameushikilia ukuta na gauni limemganda miguuni.

Jumatatu nikampeleka kwa daktari. Alimuuliza tarehe, siku, majina yetu, hesabu za kutoa. Mama akajibu yote, tena akamkosoa daktari kwenye hesabu moja. Mwishowe akamweleza kwamba kwenye mlango wa choo alikuwa amebandika kifungo chekundu cha koti ili autambue, na kwamba asubuhi ile ya majaji hakukikuta. Daktari akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa taratibu, kwa huzuni, kama mtoto mwema. Akashika kalamu akaandika.

Mdogo wangu, kifungo kilikuwepo. Mama ameshona nguo za watu miaka arobaini, ungetegemea abandike nini? Alikigandisha kwa gundi usawa wa kifua, mahali mkono unapofika wenyewe. Mimi ndiye niliyekibandua Jumamosi ile, kwa kisu cha mezani, kabla hajaamka, nikasugua gundi kwa spiriti mpaka ubao ukafanana na wenzake. Shemeji yako hakuniagiza. Alikitazama tu akashusha pumzi, na mimi nikaitaka ile tuzo kuliko yeye. Jioni mama aliponiuliza kimekwenda wapi, nilimtazama usoni nikamuuliza kifungo gani, mama, hakujawahi kuwa na kifungo pale. Nikaona anaanza kujitilia shaka. Nikamwacha.

Tuzo tumeipata. Bamba la shaba limepigiliwa getini. Jana nililitemea mate, na mama jirani akaniona, na sijali.

Ninapoandika, seremala yuko kwenye korido anatoboa milango yote mitano. Nimenunua vitasa vya chuma, vinene, vibaya, kama vya darasani. Shemeji yako amehamia kwa kaka yake, anasema nimeichinja kazi ya maisha yake. Akae huko huko.

Ila vitasa havijanisaidia kwa kile ninachokitaka. Leo asubuhi nilikaa na mama nikamwambia yote, kisu, spiriti, daktari, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono akasema mimi ni mtoto mwema, ila nisijizulie ubaya ili kumfariji. Yeye ameshakubali kwamba kichwa chake kimechoka. Nikaapa. Akasema sijawahi kumdanganya tangu nizaliwe, na kwa kuwa ni mimi niliyesema kifungo hakikuwepo, basi hakikuwepo. Akaniuliza gari la kumchukua linakuja lini, kwa sababu nguo zake ameshazikunja.

Njoo, mdogo wangu. Njoo na barua hii umsomee wewe, kwa sauti yako, mbele yangu, mpaka aniamini kwamba mimi ni mwongo.

Nisalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Ameniomba nikuandikie kwamba usiwe na wasiwasi naye, yuko kwenye mikono salama.

Ni mimi,
Dada yako