Mgomba wa Paskali

Jumatatu, 5 Februari

Tena picha ya mtufaha ubaoni. Mbegu, mche, ua, tunda, mbegu. Darasa la kwanza wanaimba nyuma yangu kama kasuku. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona tufaha. Mimi nimelila vitabuni maisha yangu yote. Mdomoni mara moja tu, Kinshasa. Lilikuwa kama pamba.

Aziza, yule mdogo wa dawati la mbele, akauliza: "Madamu, pome inaotaka wapi?" Tufaha huota Ulaya, nikasema. "Basi sisi tunaisomea nini?"

Nikaibandua picha. Direkta wa shule akaja. "Madamu Veronika, inspekta iko njiani, na weye unataka vita na kila mutu." Ndiyo, nataka. Kasongo nzima ina migomba, halafu tunawafundisha watoto mti wa theluji.

Paskali hajapiga simu tangu wiki iliyopita. Kule kwenye mashimo ya dhahabu ya Kabambare rezo ya simu ni ya kubahatisha. Mwanangu wa pekee. Najiambia ni rezo.

Jumatano, 7 Februari

Somo nje, kwenye migomba nyuma ya shule. Niliwaonyesha yote kwa mikono: mgomba haupandwi kwa mbegu. Mtoto hutoka ubavuni mwa mama, kutoka kwenye mizizi. Mama huzaa mkungu mmoja tu maishani, kisha huanguka, na mtoto hushika nafasi yake.

"Mama ndiye anakufa wa kwanza?" Aziza.

Ndiyo. Kila mara.

Wakachafuka udongo hadi masikioni. Somo bora la mwaka. Direkta alichungulia dirishani, akarudi mezani kwake. Nimeshinda.

Simu bado.

Ijumaa, 9 Februari

Mwendesha pikipiki kutoka Kabambare. Matope hadi magotini. Nilimpa kiti, akakataa kukaa. Nikajua.

Shimo liliporomoka baada ya mvua. Paskali alikuwa chini. Wenzake walichimba, wakachoka, wakaacha. Mwili haukupatikana.

Jumapili, 11 Februari

Nilitaka kwenda kuchimba mwenyewe. Longini, mdogo wa marehemu mume wangu, alisimama mlangoni. "Shemeji, kule watakuonyesha matope tu." Nilimtukana. Hakuondoka.

Nawachukia wenye mashimo. Nawachukia wanunuzi na mizani yao, na kila mwenye pete kidoleni. Namchukia Paskali pia. Nilimsomesha ili asiende huko.

Leo tumezika. Mwili usipopatikana, kwetu hukatwa gogo la mgomba, huviringishwa shuka, huzikwa mahali pa mtu. Miaka yote jambo hili nimeliita upuuzi, mbele ya padri na mbele ya wazee. Leo niligombana na wanawake kwa sababu walileta shuka jeupe. Nilitaka lile lake la bluu. Wakaenda kulichukua.

Gogo alilileta Longini, peke yake, kwenye mvua. Analia kama mtoto. Alimpenda Paskali.

Darasa langu lilikuja, na sare zao. Gogo liliposhuka kaburini Aziza alimnong'oneza mama yake, na sote tukasikia: "Itaota?" Mama yake akamfinya. Nilitaka kumwambia amwache. Nikachota udongo, nikatupa.

Jumatatu, 19 Februari

Nimerudi shuleni. Direkta alisema nipumzike. Nipumzikie wapi?

Sikuweza kupita kwenye ile migomba. Mama ndiye anakufa wa kwanza, kila mara. Nililisema mimi, kwa sauti kubwa, mbele ya watoto.

Nikatoa picha kabatini, nikaibandika. Nikafundisha mtufaha, mbegu hadi mbegu. Inspekta aliketi nyuma, akaridhika. Sikubishana na mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Kaburi limeota.

Jani moja la kijani, limejikunja, pembeni mwa msalaba. Longini kwa haraka yake na machozi yake hakukata gogo juu ya ardhi kama inavyotakiwa. Aling'oa pamoja na mizizi. Shuka la bluu aliliviringisha mwenyewe, hakuna aliyeona mizizi.

Wanawake wa ukoo wamejaa uani. Kaburi likiota, wanasema, linaita mwingine. Longini alikuja na panga, macho mekundu. "Ni kosa langu, shemeji. Acha nikate, yaishe."

Nilikuwa na maneno tayari juu ya ujinga na woga. Ya kutosha siku nzima. Nikakumbuka alivyolibeba gogo peke yake kwenye mvua. Maneno nikayaacha.

Nikamwambia: usikate. Leta jembe, chimba polepole, usiguse mizizi.

Akachimba. Tukaubeba mche pamoja hadi shuleni.

Jumatano, 13 Machi

Uko mwishoni mwa safu ya migomba, nyuma ya darasa. Watoto wanaumwagilia kwa makopo, mno, nimewakataza, hawasikii. Direkta mwenyewe alileta samadi, akaimwaga, akaenda zake.

Picha ya mtufaha bado iko ubaoni. Nimeiacha.

Hakuna aliyewaambia watoto mche umetoka wapi. Wanajua.

Aziza alichuchumaa, akauliza mche utazaa lini. Mwaka ujao, nikasema.

"Tutakuwa darasa la pili." Akafikiri. "Na weye, Madamu?"

Nitakuwa hapa, nikamwambia.

Akakubali, akaenda kuchota maji tena.