Kisigino Ninachomficha Mume Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie maana akili zangu zimefika mwisho. Mimi ni msusi, kutwa nzima nimesimama saluni, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na tangu tumzike binti yetu wa pekee mwaka jana nyumba imekuwa kimya mpaka unasikia friji inanguruma, mwenzangu anakula, anashukuru, anageukia ukutani, basi. Halafu kazini kwao wakatangaza matembezi ya masafa marefu mpaka mji wa jirani, akaniambia twende wote, tukaanza mazoezi kila jioni, na huwezi kuamini, huko barabarani mtu anaongea! Anamtaja mtoto kwa jina, jina ambalo mimi siwezi kulitamka, anacheka akikumbuka mtoto alivyokuwa akimwigiza baba yake anavyokoroma, ila tukifika mlangoni anavua viatu na maneno anayaacha hapohapo. Sasa kisigino changu cha kulia kimeharibika, asubuhi nikishuka kitandani ni kama nimekanyaga msumari, naenda chooni nimeshika ukuta, nameza dawa za maumivu kwa siri, nimejaza pamba kwenye raba, na wifi yangu aliponiona nachechemea nikamdanganya nimejikwaa. Nikisema naumwa, mazoezi yatakwisha, nami nitampoteza mume kama nilivyompoteza mwanangu. Afadhali siku hizi kamba za viatu vyake zinafunguka ovyo, kila kona anainama kuzifunga, nami naegemea ukuta kupumzisha mguu. Nifanyeje?

Msusi mwenye kisigino

JIBU

Pole sana, mama. Msiba wa mtoto hauzoeleki, na sitakudanganya kwamba utazoea. Lakini kwa hilo la kisigino lazima nikugombeze. Unameza dawa ili uzidi kukanyagia panapouma, jamani, hiyo ni akili? Mguu ukikataa kabisa hutatembea naye, na saluni hutasimama. Acha mazoezi leo. Nenda hospitali wakupime. Hiyo pamba itupe, tafuta raba zenye soli nene, usitembee pekupeku hata ndani, na jioni viringisha chupa ya maji baridi kwa unyayo. Saluni weka stuli. Wateja hawatakufa ukiwasuka umekaa. Matembezi huenda yakakupita, na yakupite.

Sasa nikuulize. Mtu mzima aliyefunga viatu maisha yake yote, leo kamba zimfungukie kila kona? Mama wee, ameshajua! Anakuona unavyochechemea, na anaogopa kuuliza kwa sababu ileile inayokuzuia wewe kusema. Mnatesana kwa huruma.

Jioni akianza kuvaa viatu, mwambie, "Naumwa, siwezi kutembea." Atanyamaza, usikimbilie jikoni. Kaeni hapohapo mlangoni, weka mguu wako juu ya mapaja yake. Usimsubiri yeye aanze kama ulivyozoea. Leo jina la mtoto litamke wewe, hata kama litatoka na kilio.