Ng'ombe wa Gogo

Alhamisi, 10 Oktoba 2002

Naahidi kuandika yote humu, hata yanayouma. Basi nianze na linalouma. Ijumaa ya wiki ijayo Gogo, mama yake baba, atakuja kunisikiliza kwenye mdahalo wa shule. Baba atamfuata kwake, mtaani Alexandra. Tangu baba arudi kutoka uhamishoni Tanzania akiwa na mama, Gogo humheshimu mama kupita kiasi. Karibu, keti, pole na safari. Safari ya kutoka kwetu Doornfontein, jiji hili hili! Miaka minane, hajamtania mkwewe hata mara moja. Mama anasema hiyo ni heshima ya mgeni.

Mada: Wamarekani na Wakanada ni ndugu wa utamaduni mmoja. Mimi natetea, rafiki yangu Falonne anapinga. Eish.

Jumatatu, 14 Oktoba

Falonne ana hoja kali. Wakanada wana malkia, na wengine wanaongea Kifaransa kama kwao Lubumbashi. Mimi nina baga na televisheni tu.

Lakini leo! Bwana Ross, mwalimu wetu Mkanada, ameshona bendera ya Kanada kwenye begi lake asije akaitwa Mmarekani. Bi. Denise, mwalimu Mmarekani, humwambia hilo jani la bendera lilidondoka tu likamganda. Leo kwao Kanada ni sikukuu ya shukrani. Marekani ni mwishoni mwa Novemba. Bi. Denise akasema Wakanada wana njaa, hawawezi kusubiri wenzao. Kisha akafunua bakuli: pai ya maboga, amempikia Bwana Ross.

Nimekimbia nyumbani kumwambia mama. Amecheka. "Hao ni watani, mwanangu."

Ijumaa, 18 Oktoba

NIMESHINDA. Tunakwenda fainali Midrand!

Falonne alianza, akapigiwa makofi mengi. Zamu yangu ikafika. Nikaeleza kwamba mama ni Mngoni, wazee wake walitoka huku huku kusini zamani, wakaenda na ng'ombe wao hadi Songea. Huko wakapigana na Wahehe. Leo Mngoni na Mhehe ni watani. Mama Evarista, rafiki Mhehe wa mama, hutuchokoza kila Jumapili. Ila alipofariki mjomba, ni yeye aliyevaa kofia ya marehemu akamwigiza anavyotembea, mpaka mama akacheka katikati ya kilio. Halafu akaingia jikoni kupikia msiba mzima. Nikasema: mgeni humchokozi, unamwogopa. Unayeweza kumcheka na asiondoke, huyo ni wako. Nikamnyooshea kidole Bwana Ross na begi lake, nikataja pai.

Ukumbi mzima ulicheka. Bwana Ross alisimama akampigia Bi. Denise saluti. Falonne alinikumbatia, akaniita mwizi wa ushindi.

Baba alikuwa akimtafsiria Gogo kwa Kizulu. Gogo hakucheka. Alimtazama mama tu. Muda mrefu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Gogo amekuja kwa chakula cha mchana bila kualikwa! Hajawahi. Amepita kiti cha wageni, ameingia moja kwa moja jikoni, akakaa juu ya kreti. Naandika hapa mezani, najifanya nafanya hesabu.

Ameonja mboga. Amekunja uso. Kisha, kwa mara ya kwanza, hakumwita mama "Tanzania" kama alivyozoea. Amemwita makoti, mkwe kwa Kizulu, kama wanavyoitwa wake wa wanawe wengine.

"Makoti," amesema, "wazee wako waliondoka na ng'ombe wetu. Miaka yote hii umeolewa ndani ya nyumba yangu, na hujanirudishia hata ndama."

Baba amekaza macho kwenye gazeti. Mama ameshika mwiko hewani, anabana kicheko. Gogo anangoja, mikono kiunoni.

Mjibu, mama! Hao ng'ombe wako wapi?